Ugonjwa wa tumbo: tusingoje kilio

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama huko Kasomeno, kisha yakaandikwa kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)

 

Papa Prezida aliniomba niseme dakika 20 juu ya magonjwa ya tumbo. Nilisema saa moja na nusu, mukanivumilia. Sasa ananiomba niweke maneno yale kwenye karatasi, na ameniambia wazi: "Andika namna ulisema, hapana namna ya rapoti." Nitajaribu. Sisi watu wa mashirika tunafundishwa kuandika rapoti ambazo hata mama zetu hawawezi kuzimaliza.

Siku moja kabla ya mkutano nilikaa na mama mweka-hazina, akanionyesha kitabu cha chama. Ni kitabu safi, kuna mashirika makubwa ambayo hayana kitabu kama kile. Nilisoma ukurasa kwa ukurasa: mbao za jeneza, sanda, unga wa bukari, mafuta, samaki wa kilio, petroli ya gari la kupeleka maiti. Nikatafuta ukurasa wa wagonjwa. Nilikuta mistari mitatu. Nikauliza juu ya mtoto mmoja aliyeandikwa kwa upande wa vilio, alikufa na nini. Mama akajibu: "Ni tumbo. Siku moja tu. Asubui alianza kuhara, usiku tuko ku kilio." Na kituo cha afya je? "Bazazi walikuwa wanatafuta franga ya pikipiki. Walizunguka, hawakupata." Kesho yake, saa nne ya asubuhi, franga za jeneza zilikuwa zimekwisha kupatikana.

Sisemi hivi kwa kumlaumu mtu. Kanuni za chama ziko vile: mtu akifa, tunatoa, mtu akiugua, familia inajipanga. Lakini nilipofunga kile kitabu niliona kwamba maneno yote niliyotayarisha juu ya vidudu hayatasaidia kitu kama hatuzungumzi pia juu ya kile kitabu. Tutakirudia.

Kwanza mujue jambo moja. Kolera haimwui mtu kwa sumu inayopanda kichwani, wala kwa homa. Inamwua kwa kumkausha. Kile kidudu kinakaa ndani ya utumbo mwembamba na kutoa kitu kinachofungua mabomba yote ya maji ya mwili. Mtu mzima anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja. Maji yanatoka meupe kama maji yaliyooshea mchele, bila maumivu makali, ndiyo sababu watu wanachelewa kuogopa. Macho yanaingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama, mkojo unakatika, sauti inapotea. Asiyetunzwa, akishikwa na ile kali, ana nafasi nusu kwa nusu ya kufa, na inaweza kuwa siku ile ile. Aliyetunzwa vizuri, ni vigumu afe: hata mmoja kwa mia hafiki.

Kati ya nusu na mmoja kwa mia, tofauti ni nini? Wengi mulinijibu "serum". Serum ya mshipa ni nzuri, na mgonjwa aliyezimia hana njia nyingine. Lakini wacha niwasimulie habari ya wakimbizi wengine.

Mwaka 1971 kulikuwa vita kule Bangladesh, wakati ule ikiitwa bado Pakistani ya Mashariki. Watu karibu milioni 10 walivuka mpaka wakaingia India. Kolera ikaingia kambini. Munganga mmoja, Dilip Mahalanabis, alitumwa karibu na mji wa Bangaon. Alikuta vyumba viwili vimejaa wagonjwa waliolala chini, na serum inaelekea kuisha. Wagonjwa 30 hivi kwa kila 100 walikuwa wanakufa. Basi yeye na watu wake wakapima sukari ya glukosi, chumvi ya kupikia, na soda ya mikate, wakafunga katika mifuko kule Calcutta, wakaleta kambini, wakachanganya na maji ndani ya mapipa yenye robine. Wauguzi hawakutosha. Akawaambia ndugu za wagonjwa: chukueni makopo, munyweshe watu wenu. Mama akamnywesha mtoto, kijana akamnywesha baba yake. Vifo vikashuka mpaka chini ya 4 kwa 100. Vita ikaisha mwezi wa 12 mwaka ule ule, na wakimbizi wakarudi kwao, kama ninyi mulivyorudi.

Ninaipenda habari hii kwa sababu dawa haikutoka kwa mkono wa munganga peke yake. Ilitoka kwa mkono wa mama mwenye kopo.

Kwa nini sukari na chumvi? Utumbo wa mgonjwa hauwezi tena kuvuta chumvi peke yake, ukimpa maji ya chumvi tu yanapita. Lakini kuna mlango mmoja ambao kolera haiufungi, mlango ambamo sukari na chumvi zinaingia pamoja, zimeshikana mikono. Zikiingia, maji yanazifuata. Sukari peke yake haitoshi, chumvi peke yake haitoshi. Ndiyo maana Fanta si dawa: sukari imezidi sana, inaweza kuongeza kuhara.

Kile kisaketi ambacho kule Zambia mulikuwa munakiita ORS, huku kwetu wanaandika SRO, kitu ni kimoja. Saketi moja kwa lita moja ya maji safi, isipunguzwe wala isiongezwe. Kama saketi hakuna: lita 1 ya maji yaliyochemka na kupoa, vijiko vya chai 6 vya sukari, visivyo na mlima juu, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Onja wewe kwanza. Ikiwa na chumvi kuliko machozi yako, mwaga, anza tena, kwa sababu chumvi nyingi inaweza kumdhuru mtoto. Baada ya saa 24, kilichobaki kimwagwe.

Mtoto chini ya miaka 2, kila akihara, robo mpaka nusu ya glasi, kwa kijiko, polepole. Aliye mkubwa kidogo, nusu mpaka glasi nzima. Mtu mkubwa anakunywa kadiri anavyotaka. Akitapika, ngoja dakika 10, anza tena kwa kijiko. Ziwa la mama lisikatwe hata siku moja. Na kwa kituo waombeni zinki kwa watoto, inatolewa siku 10 mpaka 14, hata kama tumbo limekwisha kufunga.

Hapa shikulu mmoja wa kike, ambaye ninamheshimu sana, alisimama akasema: "Mutoto akihara, maji unamupatia ya nini? Iko inatoka tu. Sisi tulikuwa tunamunyima, tumbo inakauka, anapona." Watu walicheka, mimi sikucheka, kwa sababu bibi yangu alisema neno lile lile. Nilimjibu hivi: shikulu, ni kweli, ukimnyima maji kuhara kunapungua. Bidon iliyotoboka nayo inaacha kuvuja ikiwa tupu. Wale waliopona, walipona kwa sababu ugonjwa wao ulikuwa mwepesi. Alinyamaza kidogo, akasema, "Na wale hawakupona, tuliwazika." Akakaa. Kwa siku ile hakuna aliyesema neno zito kuliko lile, na mimi nimo katika hesabu.

Sasa juu ya dawa za kununua. Ninajua ile meza ya sokoni, na sijui kama mwenye meza anajua kusoma karatasi ya ndani ya boksi. Vile vidonge vya kufunga tumbo musimpe mtoto kamwe. Vinafunga mlango na mwizi yuko ndani. Vile vya rangi mbili ambavyo watu wanakunywa viwili leo na kimoja kesho, vinafundisha vidudu kuzoea dawa. Kuhara kwingi hakuhitaji antibiotiki, kunahitaji maji. Lakini kuna kuhara ambako kunaihitaji kabisa: ukiona damu katika choo, pamoja na homa na tumbo kukata, hiyo inaweza kuwa shigela, haitibiwi nyumbani. Kwenda kwa kituo, siku ile ile.

Na "tifoide"? Huku kwetu kila mtu ana tifoide. Mtu akichoka, tifoide. Kichwa kikiuma, tifoide, na karatasi ya maabara inasema hivyo. Tifoide ya kweli iko, na ni mbaya: homa inapanda siku kwa siku, na ikiachwa wiki mbili tatu inaweza kutoboa utumbo, hapo ni kupasuliwa au kufa. Lakini kile kipimo cha tone la damu wanachokiita Widal kinadanganya mara nyingi, kinaweza kusema ndiyo kwa mtu mwenye malaria. Basi usinunue dawa ya tifoide kila mwezi kwa sababu ya alama mbili za kujumlisha kwenye karatasi.

Nije kwa chakula, na nianze kwa aibu yetu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, si hapa Kasomeno, tulikuwa na semina ya siku tatu. Kichwa cha semina: usafi wa chakula. Siku ya pili tulikula wali na kuku, vilivyopikwa saa kumi na mbili ya asubuhi na kuletwa saa saba, vimefunikwa vizuri na kitambaa cheupe. Saa tisa mwalimu wa kwanza akatoka mbio. Saa kumi hakukubaki mtu wa kufundisha wala wa kufundishwa, na choo kilikuwa kimoja. Mpishi alilia akisema: "Nilipasha moto!" Alisema kweli. Lakini kuna vidudu, kimoja kinaitwa stafilokoki, kinakaa puani na katika vidonda vya vidole, kikipata chakula cha uvuguvugu kwa saa chache kinatoa sumu, na sumu ile haifi kwa moto. Kidudu kinakufa, sumu yake inabaki. Ndiyo sababu inakushika upesi hivyo, kwa saa moja mpaka sita, na kwa kawaida inaisha yenyewe kesho yake. Hatukufa. Tulijifunza kuliko siku zote tatu.

Sasa ule wali uliosimama saa saba, muupeleke kwenye kilio. Nani kati yetu hajakula kwenye kilio? Sufuria za maharagwe na nyama zinapikwa usiku, kubwa, watu wawili hawazinyanyui. Mama anajua kwamba sufuria yake ndogo ya nyumbani haijamwumiza mtu, kwa nini ile ya kilio inaumiza? Kwa sababu ya ukubwa wake. Kuna kidudu kinachojifunga kama mbegu, maji yanayochemka hayakiui. Sufuria ndogo inapoa upesi, mbegu haina wakati wa kuota. Sufuria kubwa inakaa uvuguvugu usiku mzima, na asubuhi imejaa. Ukiigawa katika vyombo vidogo vidogo vipoe upesi, na asubuhi ukachemsha tena mpaka itoe mapovu katikati, kidudu hicho kimekosa nafasi. Na bora kuliko hayo, pika mara mbili kidogo kuliko mara moja kwa wingi. Makala yatazidi, ninajua.

Kuhusu kolera yenyewe, kuna utafiti uliofanywa Guinée, Afrika ya Magharibi, katika kolera ya mwaka 1986, na ukiwa mpishi utaupenda. Waliona kwamba wali uliolala na mchuzi wa karanga ulikuwa unapeleka watu hospitalini, na wenye mchuzi wa nyanya waliponyoka. Walipojaribu maabara, kidudu cha kolera kilizaliana ndani ya karanga, ndani ya nyanya hakikuweza, kwa sababu nyanya ina ukali wa asidi. Sisi sombe yetu tunaitia karanga, na siwaambii muache, mimi mwenyewe nisingeacha. Ninasema sombe ya karanga iliyolala isiliwe baridi.

Halafu lile beseni. Watu 40 wananawa mikono katika maji yale yale, wa kwanza mzee, wa mwisho mtoto, kisha wote wanaingiza vidole katika bukari moja. Ikiwa mmoja tu alitoka kumwosha maiti wa kolera, au kufua nguo zake, amegawia wote. Mtu aliyekufa na kolera mwili wake umejaa vidudu. Asioshwe nyumbani, tumbo lisikamuliwe. Mwite watu wa kituo waje na klorini yao, ile ya maiti ni kali, si ya kunawia mikono. Mutamlilia, mutamwimbia, mutamzika kwa heshima yote, siku ile ile ikiwezekana. Na wale waliomshika wasipike chakula.

Kuna jambo lilinisumbua kulisema, lakini kijana mmoja alilileta mwenyewe. Alisema: "Tulipofika huku, bantu walisema ni siye tunaleta kolera." Ndugu yangu, kolera iliingia inchi yetu miaka ya 1970, ikajijengea nyumba kandokando ya maziwa: Tanganyika, Kivu, Upemba, na Moero wetu. Lubumbashi iliipata mwaka 2008, ikaipata tena 2013. Zambia, kuanzia mwezi wa 10 wa 2023, ilihesabu wagonjwa zaidi ya 20,000 na wafu zaidi ya 700, kiwanja cha mpira cha Heroes kule Lusaka kikageuzwa kuwa hospitali. Na Goma, mwezi wa 7 wa 1994, wakimbizi wa Rwanda walikufa kwa maelfu kila siku, kwa sababu walikunywa ziwa bila choo wala dawa. Kolera haina kabila wala karatasi ya ukimbizi. Inafuata maji na barabara. Na Kasomeno ni njia panda: gari la Kasenga linapita hapa, la Kilwa na Pweto linapita hapa, samaki wa Luapula na chisense ya Moero vinashuka hapa kwenda Lubumbashi, na kila dereva anakula malewa na kutafuta choo. Kwa hiyo sisi wa njia panda tutaiona mapema, tukitaka tusitake. Wengi wanaoibeba hata hawahari, hawajui kama wanayo. Kumtafuta aliyeileta ni kupoteza siku ambayo ungetia klorini katika bidon.

Maji ya kunywa: chemsha mpaka yatoe mapovu makubwa dakika moja, au tia kidonge cha klorini na ungoje nusu saa. Yakae katika bidon yenye shingo nyembamba, mkono usiingie. Hapo sisemi zaidi, mumekwisha kufundishwa kambini kuliko mimi.

Nirudi kwa kitabu. Nilipendekeza mambo matatu. La kwanza, mfuko utoe franga za pikipiki saa ile ile mtu anapohara maji na hawezi kusimama, usiku ama mchana, bila kungoja mkutano, na familia irudishe polepole. La pili, saketi za SRO na kipimo cha lita moja vikae katika nyumba mbili zinazojulikana, na mgonjwa aendelee kunyweshwa njiani, juu ya pikipiki. La tatu, kwenye kila kilio cha chama, beseni liondoke, iwekwe bidon yenye robine na sabuni, na mtu mmoja wa kumwagia maji.

Baba mmoja alipinga, na hakupinga bure. Alisema: "Tulipokuwa ukimbizini, watu wetu walizikwa na mablanketi ya shirika. Tuliapa kwamba huku kwetu hakuna atakayezikwa vile. Mukitoa franga ya kilio kwa mapikipiki, siku yangu mutanifunga na nini?" Sala nzima ilinyamaza. Mimi sina jibu kwa neno kama lile, sikuwa kule. Mama mweka-hazina ndiye aliyesimama, akachukua chaki, akaandika gharama ya kilio cha mtoto, jeneza, unga na samaki, na kando yake gharama ya pikipiki mpaka kituo. Akaanza kugawa. Alipofika safari ya saba na franga zikiwa bado zinabaki, akaweka chaki chini, hakumaliza. Yule baba akasema atafikiri, na kwamba neno la blanketi bado liko palepale.

Uamuzi utakatwa katika mkutano wa mwezi ujao, na kila familia itume mtu mmoja wa kupiga kura. Wakati tunangoja, saketi nilizoleta ziko kwa mama mweka-hazina, na nyingine kwa mama anayeuza chisense karibu na kituo cha magari. Haziuzwi. Ukienda saa nane ya usiku, gonga kwa nguvu, wamekubali kuamshwa.